Mkanda haufunguki kwa pesa: hesabu ya kundi la watu 12 kutoka Lamu hadi Kiwayu

Anayepanga safari ya kundi kwenda Kiwayu kwa kawaida huanza na bei. Jahazi shilingi ngapi kwa siku, mafuta juu ya nani, chakula kimo au hakimo? Maswali ya haki, lakini yangengoja. Kwanza ijulikane tarehe ya mwezi mwandamo mtakayoondoka, kisha chombo chenu kinazama kiasi gani kikishapakia. Kundi linaweza kubembelezana na nahodha mchana kutwa hadi apunguze shilingi elfu mbili, kumbe siku waliyoichagua itawagharimu elfu thelathini.

Kutoka gati la Lamu hadi Kiwayu ni zaidi ya kilomita 50 kwa mstari ulionyooka. Ukifuata kona za njia ya ndani, weka maili 30 za bahari, yaani kilomita 55 hivi. Mnapanda kaskazini, Manda ikiwa kulia, mnaingia Mkanda, ule mlango mwembamba wa mikoko baina ya kisiwa hicho na bara. Mkitoka humo mko katika Ghuba ya Manda. Kisha mnapita nyuma ya Pate upande wa bara, Mtangawanda na Faza, mnaiona Ndau, na mbele yake Kiwayu. Raha ya njia hii ni kwamba visiwa vinawakinga na mawimbi ya bahari kuu karibu mwendo wote. Ubaya wake ni kwamba maji yake ni haba, na pa kwanza kuuonja uhaba huo ni Mkanda wenyewe.

Sasa tarakimu za maji. Kilindini, ambako vipimo vimechukuliwa kwa miaka mingi, maji ya bamvua hujaa hadi wastani wa mita 3.5 juu ya usawa wa ramani na kupwa hadi mita 0.3. Siku za maji mafu hujaa hadi 2.4 tu na kupwa hadi 1.3. Lamu haiko mbali na vipimo hivyo. Kwa hiyo tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 3.2 wakati wa bamvua, na mita 1.1 wakati wa maji mafu. Kutoka kujaa kumoja hadi kwingine hupita saa 12 na dakika 25, ndiyo maana kila siku maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50.

Tena hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa mpando wote mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Wakati wa bamvua, saa ya tatu na ya nne pekee huongeza mita 1.6, kimo cha mtu mzima. Nahodha anayesema "tungoje kidogo" ilhali maji yameshaanza kupanda anaweza kuwa anajua hasa kidogo hicho ni dakika ngapi.

Tuchukue fungu la mfano, maana mchanga na matope huhama na hali ya leo anaijua anayepita kila wiki. Tuseme mahali pa juu kabisa njiani pako sentimita 90 juu ya usawa wa ramani. Jahazi lililopakia linazama mita 1.2, na busara inataka nusu mita ya maji ya ziada chini ya mkuku. Jumla, linahitaji maji yafike 2.6. Mashua ndogo inayozama sentimita 70 inahitaji 2.1.

Siku ya bamvua, jahazi litakuta mlango wazi kwa muda wa karibu saa nne na nusu, na mashua kwa saa tano na dakika 40. Tofauti hiyo inavumilika. Njoo maji mafu. Mashua bado ina zaidi ya saa nne za kupita. Jahazi halina hata dakika moja, kwa sababu maji yenyewe yanakomea 2.4. Halipiti asubuhi, halipiti jioni, na kesho yake huenda hali ikawa ileile.

Bamvua nalo lina kero yake, nayo ni ya saa. Katika pwani yetu maji ya bamvua hujaa alfajiri na alasiri, kati ya saa kumi na saa kumi na moja, na kupwa mwendo wa saa nne asubuhi na saa nne usiku. Maji mafu ni kinyume: hujaa mwendo wa saa nne. Kwa hiyo siku ambazo maji ni mengi, wakati mwafaka wa mtalii aliyekwisha kunywa chai yake, saa tatu au saa nne, Mkanda unakauka. Wazee wa bahari hawahitaji jedwali kulijua hili. Wanahesabu kwa mwezi. Bamvua huandama mwezi mpya na mwezi mpevu, hivyo hudondokea tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17, na maji mafu yako karibu na tarehe 8 na 22.

Tuweke tarehe 2 maji yajae saa kumi na nusu alfajiri. Ongeza dakika 50 kila siku, na tarehe 5 yatajaa saa moja asubuhi. Ni siku nzuri ya kuondoka: kuna mwanga, na maji bado hayajawa mafu. Lakini kimo kinashuka. Kama yatajaa hadi mita 3.0 na kupwa hadi 0.8, jahazi letu lina saa tatu na nusu hivi tu, nusu yake kabla ya maji kujaa na nusu baada yake. Kutoka gatini hadi Mkanda ni maili tatu unusu hivi, dakika 40 kwa mwendo wa maili 5 kwa saa. Mkiwa mmeng'oa nanga saa kumi na mbili, hakuna tatizo. Kundi la watu 12 kung'oa nanga saa kumi na mbili kamili, hilo nawaachia waliowahi kusafiri na binamu zao.

Wapangaji wengi huishia hapo, na hapo ndipo hesabu inapoanza kuuma, kwa kuwa kurudi si kwenda kulikogeuzwa. Wakati wa kwenda, Mkanda uko mwanzoni mwa njia. Wakati wa kurudi uko mwishoni. Ukiondoka Kiwayu saa kumi na mbili asubuhi na mwendo ni maili 5 kwa saa, una maili 26 hivi kabla ya Mkanda. Utafika saa tano na robo. Aliyeondoka Lamu tarehe 5 anarudi tarehe 7, siku ambayo maji yatajaa kama saa tatu kasorobo na yameshakaribia kuwa mafu. Jahazi likifika saa tano na robo linakuta maji yanatoka, na hata kama lingewahi, yasingelitosha. Mashua inaweza kupenya ikijihimu, au ikilala Mtangawanda usiku wa kuamkia siku hiyo. Ushauri wangu kwa wenye chombo kikubwa ni kuanza kuhesabu kutoka siku ya kurudi na kurudi nyuma hadi siku ya kuondoka, kisha waone kama bado wanakitaka chombo hicho.

Na sasa shilingi. Bei zinazofuata ni za mfano. Weka zako mahali pake, hesabu itabaki vilevile. Siku tatu, wasafiri 12.

Jahazi moja: Sh20,000 kwa siku pamoja na mabaharia watatu, jumla Sh60,000. Chakula Sh800 kwa mtu kwa siku. Hapa watu hujikosesha, maana wanaokula ni 15. Mabaharia nao wana matumbo. Sh36,000. Mafuta lita 90 kwa Sh200, Sh18,000. Jumla Sh114,000, kila mmoja Sh9,500.

Mashua mbili, sita kwa sita: Sh12,000 kila moja kwa siku, Sh72,000. Mabaharia wanne, walaji 16, Sh38,400. Mafuta lita 75, Sh15,000. Jumla Sh125,400, kila mmoja Sh10,450.

Jahazi ni nafuu kwa Sh950 kwa kichwa, na kikao kingi cha kupanga safari kingefungwa hapo. Ongeza siku moja ya kukwama: Sh20,000 za chombo na Sh12,000 za chakula, Sh32,000 kwa jumla, karibu Sh2,670 kwa kila mtu. Nafuu yote ya jahazi ni Sh11,400 kwa kundi zima. Maana yake, uwezekano wa kukwama ukizidi kidogo moja kwa tatu, jahazi limeshakuwa ghali kuliko mashua mbili. Na bado hatujahesabu tiketi ya ndege ya aliyepaswa kuruka kutoka uwanja wa Manda siku hiyo. Mashua mbili zina faida nyingine isiyo na bei: moja ikipata hitilafu, ya pili ipo kuivuta.

Nimesema lita 90 na 75, zinatoka wapi? Kutoka kwenye upepo. Kusi, linalovuma takribani kuanzia Aprili hadi Septemba, linawapeleka Kiwayu kwa tanga bila kuombwa, mkawasha mashine kwa saa moja na nusu tu, ndani ya Mkanda na penye kona. Kurudi ni kubisha, na chombo kinachobisha huenda maili 5 ili kisogee mbili au mbili na nusu. Maili 30 zinageuka saa 12 au zaidi, ndipo kila mtu anakubali mashine iwashwe kwa saa sita zote. Nimeweka lita 12 kwa saa kwa mashine ya nguvu za farasi 40 iliyo kwenye jahazi, na lita 5 kwa ile ya farasi 15 kwenye mashua. Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, hesabu inageuka: mnalipia kwenda, mnarudi kwa tanga. Kama mtu ana nafasi ya kuchagua, kaskazi ni bora kwa sababu hiyo tu, kwani linasaidia ule mguu ambao saa za Mkanda ni ngumu zaidi.

Sh200 kwa lita ni makisio. Mamlaka ya EPRA hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, na Oktoba 2023 petroli ilivuka Sh217 Nairobi. Visiwani huongezeka gharama ya kuifikisha. Bebeni nusu ya ziada juu ya makadirio: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya lisilotarajiwa.

Boti ya kasi? Mashine ya farasi 100 inakunywa lita 35 kwa saa, jambo linalotisha, lakini kwa maili 20 kwa saa inamaliza safari kwa saa moja na nusu. Lita 52, kama Sh10,500, tena haizami sana na inawahi maji popote yalipo. Ukihesabu mafuta ya mguu mmoja peke yake, ni pungufu ya Sh14,400 za jahazi linaloendeshwa kwa mashine. Kodi yake ya siku ndiyo inayoiondoa kwenye mashindano.

Wengine watauliza juu ya njia ya nje: kutoka Ghuba ya Manda kupitia uwazi wa Manda na Pate, kuizunguka Manda kwa mashariki na kuingia Lamu kwa upande wa Shela. Maji ni mengi, hamna haja ya kungoja bamvua. Wakati bahari imetulia ni jawabu zuri kwa jahazi lililofungiwa Mkanda. Kusi likiwa limeshika, ni mawimbi ya bahari kuu na upepo wa usoni, na kundi lenye watoto au wazee halipaswi kupelekwa huko ili kuokoa Sh32,000.

Uzito nao hutajwa sana, ingawa si kwa sababu sahihi. Watu wanane, maji ya kunywa na kupikia lita 120 (lita 5 kwa mtu kwa siku, yaani mitungi sita ya lita 20), vyakula na mizigo: kilo 800. Mashua yenye eneo la mita 15 za mraba usawa wa maji itazama sentimita 5 zaidi. Hizo haziwafungii mlango. Zinachopunguza ni ukingo uliobaki juu ya maji, na pale Ghuba ya Manda inapofunguka kwa upepo ndipo mtajua. Jaketi okozi ziwe 16 kwa watu 16, zihesabiwe gatini.

Kiwayu imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotengwa mwaka 1979, na ada yake hulipwa kwa KWS kupitia eCitizen. Mpaka wa Somalia si mbali. Septemba 2011 hoteli ya upande wa bara, mkabala na kisiwa, ilivamiwa, na kwa miaka kadhaa wavuvi wa Lamu walizuiwa kuvua usiku. Ulizeni polisi na walinzi wa pwani kabla ya kulipa chochote, na msipange mwendo wowote wa usiku hata kama maji yanawaita saa nane.

Kabla ya kutoa arubuni, kubalianeni na nahodha kuhusu siku ya kukwama. Akichelewesha yeye, ni yake. Mkichelewa nyinyi kuamka, ni yenu. Maji yakikataa bila kosa la mtu, kodi ya siku hiyo igawanywe nusu kwa nusu: Sh10,000 kwenu, na chakula Sh12,000, hivyo kila msafiri aweke kando Sh1,850 ambazo zitarudishwa gatini kama hazikuguswa.