Kabla ya Kulipia Kioo Kipya

Kipakatalishi changu kilipoanza kuzima kioo katikati ya kazi, fundi wa kwanza hapa Nairobi alikitazama kidogo tu, akasema kioo kimekufa, nilipe shilingi 8,500. Wa pili aliinua mfuniko na kuushusha taratibu, mara tatu. Picha ikawa inakuja na kupotea. "Kaka, huu ni waya," akaniambia. Nikalipa 1,500. Waya mwembamba wa picha hupita kwenye bawaba, na kule kufungua na kufunga kwa kila siku huumaliza polepole.

Tangu hapo, yeyote anayeniuliza humwomba apime kwanza nyumbani, maana kupima ni bure. Chomeka kipakatalishi kwenye televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitoka safi huko, shida iko kwenye kioo au waya wake. Kioo kikiwa na mistari, na mistari ileile ikionekana hata kwenye televisheni, usikubali kuuziwa kioo: ugonjwa uko ndani, huenda kwenye chipu ya picha. Kisha zima taa za chumba, umulike kioo cheusi kwa tochi. Ukiona maandishi hafifu, kioo bado kinachora. Taa za nyuma yake ndizo hazijawaka. Kioo kilichopasuka na kuvuja weusi kama wino, hicho hakina tiba ila kubadilishwa.

Ikibidi kubadilisha, fundi afungue na kusoma namba iliyo mgongoni mwa kioo kabla hujatoa hela. Vioo viwili vya inchi 15.6 vinaweza kufanana kwa nje, kimoja kina pini 30, kingine 40, na havibadilishani.

Kwa anayefanya kazi mezani, mimi ningechagua monita ya mtumba. Yangu ya inchi 22 niliipata kwa 6,000, chini ya bei ya kile kioo, na shingo yangu imepumzika kwa sababu siinami tena. Lakini umeme ukikatika monita huzima papo hapo, wakati kipakatalishi kinaendelea kwa betri. Mwanafunzi anayehama darasa hadi maktaba haimfai kabisa. Yeye abadilishe kioo.

Dukani, usiridhike na monita kuwaka tu. Iache iwake nusu saa. Zile za zamani zinazotumia mirija ya taa badala ya LED hufifia kwa umri, na nyeupe yake huelekea unjano. Weka ukurasa mweupe mtupu, kisha mweusi, utafute vitone vilivyokufa. Angalia na tundu la nyuma: likiwa la VGA peke yake na kipakatalishi chako kina HDMI tu, utahitaji kigeuzi, na bei yake iingize kwenye hesabu mapema.

Kipakatalishi kizee ambacho kioo chake kinagharimu nusu ya thamani ya mashine nzima, kiunganishe na monita kibaki mezani.

Kioo kipya nacho kina miiko yake. Usikibebe kipakatalishi kwa kushika pembe ya mfuniko. Usikifute kwa dawa ya madirisha yenye amonia, kwani hula utando wa juu. Lowesha kidogo kitambaa laini kwa maji, wala usinyunyizie kioo chenyewe. Na kabla ya kufunga mfuniko, pitisha mkono juu ya kibodi: kalamu moja iliyosahaulika hapo inatosha kukupeleka tena kwa fundi.