Mzambarau Mwitu: Mti Unaotuonyesha Yalipo Maji

Mwananchi anayeshuka bondeni mwezi Agosti, wakati nyasi za milimani zimekwisha kukauka na miti mingi ya miombo imepukutisha majani, huona mstari wa kijani ukifuata mkondo wa maji. Sehemu kubwa ya kijani hicho ni mzambarau mwitu, mti usiopukutisha majani yake yote kwa pamoja na ambao hubaki na kivuli mwaka mzima. Katika nyanda za juu za Kibondo na Kasulu mti huu huota kandokando ya mito, kwenye mabonde yenye unyevu na kuzunguka chemchemi. Makala haya yanaeleza mti huo ni upi, kwa nini huota pale unapoota, na kwa nini kuukata ni jambo linalogusa ndoo ya maji ya kila kaya.

Kitaalamu mti huu huitwa Syzygium cordatum. Neno la pili ni la Kilatini na lina maana ya kitu chenye umbo la moyo, kwa sababu kitako cha jani kimepinda kama moyo na kukumbatia tawi, karibu bila kikonyo. Majani ni mazito kama ngozi, yana rangi ya kijani yenye ubuluu kidogo, nayo huota mawili mawili yakitazamana. Mti hufikia urefu wa mita 8 hadi 15, na mahali penye rutuba hupita hapo. Gome lake ni la kahawia iliyokolea na lenye mikwaruzo.

Upo ndugu yake wa karibu, Syzygium guineense, ambaye watu wengi humwita kwa jina hilo hilo la mzambarau mwitu. Namna rahisi ya kuwatofautisha ni kutazama jani: la huyu wa pili lina kikonyo kinachoonekana wazi na ncha iliyochongoka. Kwa mtunza chanzo cha maji tofauti hiyo si kubwa, kwani miti yote miwili inastahili kuachwa isimame.

Maua yake ni meupe yenye rangi ya maziwa, wakati mwingine yakielekea waridi, na nyuzi zake nyingi huyafanya yaonekane kama brashi ndogo. Yana nekta nyingi, na wafugaji wa nyuki wa wilaya yetu hawahitaji kufundishwa maana ya jambo hilo. Tunda lake ni dogo, huwa la zambarau iliyokoza linapoiva, lina mbegu moja na ladha yenye uchachu kidogo. Watoto hulijua kwa rangi linayoacha ulimini. Ndege na nyani nao hulila, na hao ndio wapandaji wakuu wa mti huu, maana hubeba mbegu na kuziacha mbali na mti mama.

Baadhi yetu huamini kwamba mti huu hutengeneza maji au huyavuta kutoka mbali. Imani hiyo imeokoa miti mingi, na kwa hilo tuishukuru. Hata hivyo maelezo yake si sahihi. Mzambarau mwitu hunywa maji kama mti mwingine wowote. Huota pale ambapo maji ya ardhini yako karibu na uso wa nchi, ndiyo maana ni alama nzuri ya chanzo cha maji. Kazi yake kubwa ni kukilinda chanzo hicho. Mizizi hushikilia kingo zisimomonyoke. Majani yanayoanguka huoza na kuifanya ardhi kuwa kama sifongo, ili mvua ya kuanzia Oktoba hadi Mei iingie chini badala ya kuteleza juu na kubeba tope. Kivuli hupunguza maji yanayopotea kwa jua. Mti ukikatwa, chemchemi haikauki siku ya pili, na hapo ndipo tunapodanganyika: tope hujaa kidogo kidogo, ng'ombe hupata njia ya kuingia, kingo hubomoka, na baada ya misimu kadhaa akina mama na watoto hujikuta wakipanga foleni ndefu zaidi kila Septemba.

Mara nyingi aliyekata mzambarau mwitu hupanda mkaratusi mahali pake, kwa kuwa hukua haraka na una soko la nguzo na kuni. Ajabu ni kwamba miti hii miwili ni ya ukoo mmoja, pamoja na mpera na mkarafuu. Lakini ukoo haufanyi tabia kuwa moja. Mti unaokua kwa kasi kama mkaratusi hutumia maji kwa kasi pia, na mahali pake ni shambani mlimani, si kwenye jicho la chemchemi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa. Hizo ni takribani hatua 80 za mtu mzima. Ni vyema serikali za vijiji zikatumia kipimo hicho hicho kulinda chemchemi. Tunafahamu kwamba bustani za bondeni hulisha familia nyingi wakati wa kiangazi, na kwamba tanuri la matofali huhitaji kuni na maji kwa pamoja. Mpaka ukiwekwa kwa makubaliano ya kijiji, huku wenye bustani wakishirikishwa, hudumu kuliko unaowekwa kwa amri. Tukumbuke pia kwamba maji yetu hutiririka kwenda Mto Malagarasi na kulisha ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza nchini kuingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar.

Kwa wanaotaka kupanda, jambo la kuzingatia ni mbegu. Mbegu ya mzambarau mwitu haihifadhiki. Ikianikwa juani hufa. Okota matunda yaliyoiva, ondoa nyama yake, kisha sia mbegu ndani ya siku chache kwenye viriba vyenye udongo wa msituni, chini ya kivuli. Miche ihamishiwe bondeni mvua zinapoanza kushika, na izungushiwe miiba hadi iwe mirefu kuliko mdomo wa ng'ombe. Kabla ya kupanda kwenye chanzo kinachotumiwa na wengi, wasiliana na mtendaji wa kijiji, kamati ya mazingira na chombo cha watoa huduma ya maji cha eneo lako, ili miche isipandwe juu ya bomba au karibu mno na kuta za kisima kilichojengewa, kwani mizizi hupenya kwenye nyufa.