Marejeleo na Haki ya Mwenye Neno

Katika mitaa ya Keko, wilayani Temeke, Dar es Salaam, ambako randa na misumeno ya maseremala husikika tangu asubuhi na ambako Bohari ya Dawa ina maghala yake, si ajabu kumkuta katika duka dogo la steshenari kijana aliyetoka jirani, Chang'ombe, kwenye Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu kilichoanzishwa mwaka 2005, akingoja mswada wake utolewe chapa. Matini yamekwisha na majedwali yamekwisha. Zilizobaki ni kurasa za mwisho ziitwazo marejeleo, ambazo aghalabu huahirishwa hata dakika ya mwisho, zikatengenezwa kwa haraka na uchovu kana kwamba ni pambo la kumridhisha mhariri. Nami naandika haya kwa kuwa naamini kurasa hizo zina uzito mkubwa kuliko zinavyodhaniwa, na kwamba mwandishi anayezipuuza huwadhulumu watu wawili kwa pamoja: yule aliyemtangulia katika elimu, na yule atakayemsoma.

Mtu anaposema katika jarida la kitaalamu kwamba jambo fulani ni kweli, wasomaji wake, ambao pengine wako Mombasa, Kampala au Berlin na hawamjui hata kwa sura, wana haki ya kumwuliza amelipata wapi. Swali hili si geni kwa watu wa pwani, maana wanavyuoni waliosomesha hadithi za Mtume katika misikiti na madrasa zetu hawakuridhia neno lipokewe pasipo isnadi yake, yaani silsila ya wapokezi, jina baada ya jina, hata kumfikia aliyelisikia mwanzo. Na mpokezi mmoja aliyejulikana kwa usahaulifu alitosha kuidhoofisha riwaya nzima. Marejeleo ya makala ya sayansi yana kazi iliyo karibu sana na hiyo, nayo ni kumwezesha msomaji kuifikia asili ya neno kwa miguu yake mwenyewe na kulipima.

Upo mfano wa hapa hapa nchini ambao napenda kila mwanafunzi aujue. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, alitia katika jokofu maziwa yenye sukari yaliyokuwa yangali moto, ili apate aiskrimu. Akaja kuona kwamba yake yameganda ilhali ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa, yangali mazito tu. Alipouliza sababu alichekwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Na Osborne, badala ya kulitupa swali, alilipeleka katika maabara likajaribiwa. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education, na jina la kijana likatangulia la mwalimu. Tangu hapo wako wataalamu wanaolithibitisha jambo hilo na wako wanaolikanusha, walakini wote, wenye kuthibitisha na wenye kukanusha, huanza kwa kumtaja Mpemba. Swali la mwanafunzi wa shule limehifadhika kwa kuwa limeandikiwa jina, mwaka na ukurasa.

Makala hiyo hiyo yatufaa kuonyesha njia kuu mbili za kupanga marejeleo. Ya kwanza ni ya jina na mwaka, ambayo watu huiita mtindo wa Harvard, kwa kuwa huhesabiwa kuwa ilianza na Edward Laurens Mark, mtaalamu wa wanyama wa chuo kikuu chenye jina hilo, katika maandishi yake ya mwaka 1881. Kwa njia hii mwandishi huweka ndani ya matini, katika mabano, Mpemba na Osborne, 1969. Kisha mwishoni, kwa tartibu ya alifabeti, huandika: Mpemba, E. B. na Osborne, D. G. (1969). Cool? Physics Education, 4(3), 172–175. Njia ya pili ni ya namba, iliyotokana na mkutano wa wahariri wa majarida ya tiba uliofanyika Vancouver, nchini Kanada, mwaka 1978. Hapa chanzo hupewa namba kwa kufuata zamu yake ya kutajwa, na mwishoni huandikwa kwa mkato: Mpemba EB, Osborne DG. Cool? Phys Educ. 1969;4(3):172–5. Alama ya kuuliza ni sehemu ya kichwa cha makala, haina budi kubaki. Tarakimu ya 4 ni juzuu, 3 ni toleo, na zinazofuata ni kurasa. Majarida ya lugha, historia na elimu aghalabu hupendelea njia ya kwanza, na ya tiba ile ya pili, lakini kila jarida lina maagizo yake kwa waandishi, nayo ndiyo sheria. Inafaa yasomwe kabla ya kuandika sentensi ya kwanza.

Penye taabu hasa kwetu ni majina. Kanuni hizi zilitungwa na watu ambao kila mmoja wao ana jina la ukoo linalokuja mwisho, nasi wengi wetu tuna jina letu, la baba na la babu, bila ya ukoo. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, huwekwa katika orodha za maktaba kwenye herufi R, ingawa Robert ni jina la baba yake, na hakuna Mswahili aliyemwita mshairi huyo Robert peke yake. Watu wa Iceland, ambao nao hutumia majina ya baba, hujipanga katika orodha za nchini mwao kwa jina la kwanza, wala elimu yao haikuharibika. Naona kwamba majarida yetu ya Kiswahili yangeweza kulitafakari jambo hili kwa ujasiri zaidi. Maadamu halijaamuliwa, mwandishi achague namna moja ya kuandika jina lake na aishike maisha yake yote, kwani anayejiita leo Abdallah Juma na kesho A. J. Mwinyi atahesabiwa kuwa watu wawili. Kwa sababu hiyo ilianzishwa mwaka 2012 namba ya ORCID, ambayo mtafiti huipata bila malipo na ambayo haibadiliki hata jina likibadilika. Vyeo kama Dokta, Profesa au Sheikh, pamoja na taadhima zake zote, havina nafasi katika marejeleo.

Ziko siku hizi programu kama Zotero, isiyolipiwa, zinazokusanya vyanzo na kuvipanga kwa mtindo wowote utakiwao, nazo ni neema kubwa kwa msomi asiye na wasaa. Ila hupokea kosa kama lilivyo: jina likiingia kinyume, litatoka kinyume katika kila makala. Hatari kubwa zaidi iko kwa programu za akili mnemba, ambazo zikiombwa marejeleo huweza kubuni makala ambayo hayakuandikwa kamwe, zikayapa mwandishi, jarida na kurasa. Dawa yake ni kukifungua kila chanzo kwa macho yako. Na kama kina DOI, ile namba inayoanza kwa 10 na nukta, uiandike katika intaneti uone kama inakupeleka mahali palipotajwa.

Limebaki la maneno yasiyochapishwa. Mtafiti akikaa na fundi wa Keko akaelezwa namna ya kuutambua mninga uliokauka sawasawa, elimu hiyo haina juzuu wala ukurasa. Mtindo wa APA, ambao nao ni wa jina na mwaka, huagiza mazungumzo ya namna hii yatajwe ndani ya matini, kwa jina na tarehe, yasiingizwe katika orodha ya mwisho, kwa hoja kwamba msomaji hawezi kuyarejea. Naifahamu hoja hiyo, na bado naona inawapunja wazee na mafundi ambao ndio maktaba yetu. Mtafiti mwema atamwomba fundi idhini ya kutajwa, ataandika jina kama mwenyewe alitamkavyo, mtaa na tarehe, atahifadhi sauti aliyoirekodi mahali patakapofikiwa na wengine, kisha atamwuliza mhariri kwa adabu jinsi jarida lake linavyopokea ushahidi wa mdomo.