Nyaya mbili za ziada: pawasaplai ya linia, kuhisi kwa mbali, na muziki kwenye kompyuta yako

Kama unasikiliza muziki kupitia kompyuta ndogo, tuseme Raspberry Pi iliyounganishwa na DAC (kile kidude kinachogeuza namba za kidijitali kuwa mawimbi ya umeme ya kusukuma spika), lazima umeshakutana na mtu anayekwambia: "Tupa hiyo chaja, nunua pawasaplai ya linia." Halafu anakutajia bei, na bei yenyewe inazidi ya kompyuta. Kabla hujatoa hela yako, hebu tuangalie umeme unapita wapi.

Chaja ya kawaida ni ya swichi. Inaukatakata umeme makumi au mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, kisha inaulainisha. Ni nyepesi, haipati joto sana, ila inaacha mabaki ya kelele za masafa ya juu. Ya linia ni ya kizamani zaidi: transfoma nzito inashusha volti 230 za ukutani, dayodi zinageuza mkondo geu kuwa mnyoofu, kapasita kubwa zinajaza mabonde yanayotokea mara 100 kwa sekunde, na mwisho kuna kidhibiti volti kinachokata ziada na kuigeuza joto. Kidhibiti kikipokea volti 9 na kutoa volti 5 kwa ampea 2, wati 8 zinaishia kupasha moto bati la alumini wakati kompyuta inapata wati 10. Ni uharibifu, ndiyo, lakini umeme unaotoka ni mtulivu. Vidhibiti vya kisasa kama LT3045 vina kelele ya maikrovolti 0.8 tu kwenye masafa ya hezi 10 hadi kilohezi 100. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya milioni ya volti!

Sasa, hizo maikrovolti 0.8 zimepimwa wapi? Zimepimwa kwenye miguu ya kidhibiti chenyewe. Kompyuta yako haiko pale. Iko mwisho wa kebo.

Chukua kebo yenye nyaya za shaba za milimita 0.5 za mraba, urefu mita moja na nusu. Kila mita ya waya kama huo ina ukinzani wa karibu omu 0.035. Umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 3, yaani karibu omu 0.1, na hapo hatujahesabu plagi. Kompyuta ikivuta ampea 2, volti 0.2 zinapotea njiani. Umetuma 5, zimefika 4.8. Ndiyo maana chaja rasmi ya Raspberry Pi 4 inatoa volti 5.1 badala ya 5 kamili: waliotengeneza wanajua kebo itakula kitu. Zikishuka hadi karibu 4.63, bodi inalalamika kuwa umeme ni mdogo, inapunguza kasi, na wewe unaweza kuanza kusikia muziki unakatika.

Kupotea peke yake si tatizo kubwa, maana unaweza kuongeza kidogo kule mwanzo. Kinachosumbua ni kwamba upotevu haukai sawa. Prosesa ikipumzika inavuta labda ampea 0.6, ikipata kazi inaruka hadi 2. Upotevu kwenye kebo nao unaruka kutoka volti 0.06 hadi 0.2. Yaani umelipia kidhibiti cha maikrovolti, halafu kebo inakuletea myumbo wa milivolti 140 mlangoni. Si kelele za aina moja, nakubali, lakini ukubwa wake unapishana zaidi ya mara laki moja.

Hapa ndipo panapoingia kuhisi kwa mbali. Wazo ni la karne ya 19, la William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, aliyetaka kupima ukinzani mdogo sana bila nyaya za kipimo kumdanganya. Suluhisho: tumia nyaya nne. Mbili nene zinabeba mkondo, mbili nyembamba zinapima tu. Kwa kuwa zile za kupima hazipitishi karibu mkondo wowote, hazipotezi volti, hata zikiwa nyembamba kama za hedifoni. Pawasaplai yenye uwezo huu ina vituo vinne: plasi, mainasi, hisi plasi na hisi mainasi. Unapeleka nyaya za hisi hadi kwenye bodi ya kompyuta, na kidhibiti kinasoma volti za kule badala ya za mlangoni kwake. Kikiona 4.8, kinapandisha kwake hadi 5.2, na kule inakuwa 5. Mzigo ukipungua, kinashusha.

Wala si ufundi wa matajiri peke yao. Fungua kompyuta ya mezani, angalia plagi kubwa ya pini 24 kwenye bodi mama. Pini namba 13, ya volti 3.3, mara nyingi ina waya wa pili mwembamba uliobanwa humo humo. Huo ni waya wa kuhisi.

Lakini una hatari zake, na wauzaji hawazitaji sana. Waya wa hisi plasi ukichomoka, kidhibiti kinaona sifuri na kudhani mzigo una njaa, kinasukuma mpaka mwisho wa uwezo wake. Volti 9 kwenye bodi ya volti 5: kwaheri bodi. Pawasaplai nzuri ina rezista ndogo, kati ya omu 10 na 100, inayounganisha hisi na tokeo ndani ya boksi, ili waya ukikatika irudi kupima mlangoni kwake. Ukijenga mwenyewe, usiiruke hiyo. Pili, kebo ndefu inachelewesha taarifa, na kidhibiti kinachopata taarifa kwa kuchelewa kinaweza kuanza kuyumba chenyewe. Nyaya za hisi zisokotwe pamoja, na kapasita iwekwe karibu na mzigo. Hiyo kapasita ndiyo inayohudumia mabadiliko ya haraka sana. Kuhisi kwa mbali kunarekebisha yale ya polepole tu.

Tatu, kwa sisi ambao umeme wa ukutani unashuka hadi 190 jioni: transfoma haijui kujirekebisha. Zile volti 9 zinakuwa kama 7.4. Vidhibiti vya familia ya LM317 vinataka tofauti ya volti 2 hadi 3 ili vifanye kazi, na kuhisi kwa mbali kumeshadai 5.2 badala ya 5. Zimebaki 2.2. Hapo mabonde ya kapasita yanaanza kupenya, na chaja ya swichi inayokubali volti 100 hadi 240 inakuwa imekushinda wazi wazi.

Je, masikio yatasikia tofauti? Namba za muziki hazibadiliki kwa sababu ya pawasaplai, na DAC nyingi zina vidhibiti vyake ndani. Kelele ikiingia, mara nyingi inapita kwenye waya wa mainasi unaounganisha kompyuta na amplifaya, na hapo kuhisi kwa mbali hakusaidii: mainasi ya kompyuta bado inaelea volti 0.1 juu ya ile ya pawasaplai. Ukisikia mngurumo, kata huo mnyororo kwanza, kwa mfano kwa kebo ya mwanga ya TOSLINK, ambayo Toshiba waliitoa 1983 na haipitishi umeme hata chembe.

Na kabla ya yote, chukua multimita. Pima volti kwenye bodi yenyewe kompyuta ikiwa imetulia, kisha ipe kazi nzito upime tena. Tofauti ikiwa chini ya milivolti 50, mimi nisingenunua kitu. Ikizidi, anza na kebo ya sentimita 30 yenye nyaya za milimita 1.5 za mraba. Kwa ampea 2 inapoteza takriban milivolti 14, ukiacha plagi, na haina waya wa hisi wa kuchomoka.