MALI BILA DAFTARI
Habari za vyama vya Iringa na Mbeya, na mafunzo yake kwetu

Wanachama wetu,

Liko swali linalorudi mara kwa mara katika matawi: Je, chama kisichotafuta faida chaweza kutozwa adhabu ya kodi? Wengi hujibu upesi kuwa hakiwezi. Husema, "Sisi si wafanya biashara. Fedha yetu ni mchango wa wanachama na msaada wa wahisani. Kodi ya nini tena?" Maneno hayo ni matamu kuyasikia, lakini si ya kweli, na wenye kuyashika huweza kuamka siku moja wakakuta chama chao chadaiwa mamilioni.

Tumeona jambo hili litaeleweka vyema tukitazama mbali kidogo na mikarafuu yetu, yaani Iringa na Mbeya, katika Nyanda za Juu Kusini. Tumepachagua huko kwa sababu mbili. Ya kwanza, sheria ya kodi ya mapato ni moja, bara na visiwani, kwa kuwa ni katika mambo ya Muungano. Yampatayo mtu wa Iringa yaweza kumpata mtu wa Wete. Ya pili, huko vyama vya hiari vilizaliwa vingi kwa muda mfupi, na chama kikizaliwa kwa haraka, daftari ndilo huwa la mwisho kukumbukwa.

KWA NINI VYAMA VILIKUWA VINGI

Nchi ile ni ya baridi na rutuba. Watu wake hulima mahindi, chai, kahawa na pareto. Lakini ilipatwa na msiba mkubwa wa ukimwi. Uchunguzi wa mwaka 2007 na 2008 ulionyesha kuwa mkoani Iringa, wakati huo ukiwa bado pamoja na Njombe, watu wazima 15.7 katika kila 100 walikuwa na virusi. Hapana mkoa mwingine uliofikia kiasi hicho. Uchunguzi wa 2011 na 2012 ulipata 14.8 Njombe, 9.1 Iringa na 9.0 Mbeya. Mayatima wakawa wengi, na wajane pia. Watu wa kheri wakasimama: walimu, wauguzi, wazee wa makanisa na wa misikiti, kina mama wa vijijini. Wakaunda vyama vya kulea watoto na kuuguza wagonjwa. Misaada ikatoka nje, khasa Marekani, kwa mpango uliotangazwa mwaka 2003, na katika Mfuko wa Dunia.

Watu hao walijua kulea na kuuguza. Lakini kuuguza mgonjwa ni kazi moja, na kuandika daftari ni kazi nyingine.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haikisamehi chama kwa sababu ya jina lake tu. Chama cha kheri hakina budi kumwomba Kamishna wa kodi atoe uamuzi kwamba kweli ni chama cha kheri. Cheti cha kuandikishwa ni kitu kimoja, na uamuzi huo ni kitu kingine. Chama chenye cheti bila uamuzi hutazamwa kama kampuni yoyote.

Tena, hata chenye uamuzi kina wajibu wake. Kikiajiri watu, yapasa kukata kodi katika mishahara na kuipeleka kabla ya siku 7 kupita tangu mwisho wa mwezi. Kikipanga nyumba ya ofisi, yapasa kuzuia sehemu 10 katika kila 100 ya kodi ya pango na kuipeleka Serikalini. Na kila mwaka chapaswa kupeleka ritani, yaani taarifa ya mapato yake, kabla ya miezi 6 kupita tangu mwaka wake wa hesabu ulipokwisha. Mwaka ukiisha Disemba 31, ritani hutakiwa kufika Juni 30.

Asiyepeleka ritani kwa wakati hutozwa adhabu kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 iliiweka kuwa sehemu mbili na nusu katika kila 100 ya kodi iliyobaki kulipwa, au kima maalumu, kile kilicho kikubwa. Kwa mtu binafsi kima hicho kilianza kuwa shilingi 75,000 kwa mwezi. Kwa kampuni na vyama, shilingi 225,000. Bunge laweza kukipandisha, basi kila mtu na aulize kima cha siku ile aliyo nayo.

Tafadhali msomaji, lisome tena neno lile: kile kilicho kikubwa. Maana yake ni kwamba hata chama kisichodaiwa kodi senti moja hutozwa kima maalumu, kwa kuwa kosa hapa si kukosa kulipa, bali ni kukosa kusema.

HESABU YA MFANO

Natuchukue mfano wa kubuni, usio wa chama chochote. Kiko chama cha kulea mayatima, ofisi yake ya kupanga iko mjini Iringa, na tawi lake liko Mbeya. Hakikupata faida. Mwandishi wa hesabu aliondoka mradi ulipokwisha, na risiti zikatiwa katika sanduku. Za Mbeya zilibaki Mbeya, maana toka huko hata Iringa ni zaidi ya kilomita 300. Ritani ya mwaka 2018 ilitakiwa Juni 30, 2019. Hawakuipeleka mpaka mwisho wa Juni 2020. Ni miezi 12. Mara 225,000, jumla shilingi 2,700,000.

Na hiyo ni karatasi moja tu. Kodi ya mishahara ina ritani zake za kila mwezi, na kila moja huhesabiwa peke yake. Kama ofisi ilipangwa kwa shilingi 300,000, palitakiwa kuzuiwa 30,000 kila mwezi; zisipozuiwa, chama ndicho kidaiwacho, na riba juu yake. Tena iko adhabu ya mbali kwa asiyeweka hesabu na hati zake, ambazo sheria yataka zihifadhiwe kwa miaka isiyopungua 5.

Sasa fedha hiyo itatoka wapi? Si katika msaada. Masharti ya misaada ya Serikali ya Marekani, kwa mfano, hayaruhusu fedha ya mradi kulipa faini za kuvunja sheria. Basi hutoka katika mifuko ya wanachama, au hutolewa katika kile kilichokuwa ada ya skuli ya yatima. Na chama kikishindwa, sheria yaweza kuwashika wasimamizi wenyewe, isipokuwa yule awezaye kuonyesha kuwa alifanya uangalifu uliompasa. Mzee aliyekubali uenyekiti kwa heshima tu, wala hakupata kufungua daftari, atajibu nini?

Mwaka 2025 Marekani ilipositisha misaada yake, miradi ilifungwa ghafla, na shirika lake la misaada, USAID, likafungwa mwezi wa Julai mwaka ule. Mradi waweza kufa kwa siku moja, lakini deni la kodi halifi pamoja nao. Chama kinachofunga mlango bila kuwaarifu watu wa kodi huendelea kuhesabiwa miezi.

DAWA YAKE

Aliyekwisha kuchelewa asikate tamaa wala asijifiche. Kujificha ndiko kunakoikuza adhabu.

Kwanza, azibe tundu la leo. Ritani za mwezi huu ziende kwa wakati, hata kama za nyuma bado. Kisha za nyuma zipelekwe moja moja, kwani ritani ikifika, adhabu ya kuchelewa kwake huacha kukua.

Pili, akusanye karatasi. Benki hutoa taarifa ya miaka iliyopita. Kampuni za simu pia huweka kumbukumbu za fedha zilizotumwa. Mikataba ya wafadhili yaonyesha kilichoingia. Kwa hayo, hesabu hujengwa upya mwezi kwa mwezi. Palipopotea risiti, iandikwe hati ya malipo yenye kusema kweli: nani alilipwa, kwa kazi gani, siku gani, na nani ashuhudia. Asithubutu mtu kutengeneza risiti ya uwongo. Kuchelewa ni kosa la kulipa fedha. Kughushi ni kosa la kwenda jela.

Tatu, amtafute mhasibu aliyesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Ujira wake waweza kuonekana mkubwa, lakini upimwe na ile adhabu ya kila mwezi.

Nne, aende mwenyewe katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato kabla hajaitwa. Aombe kulipa kwa mafungu, na aombe kwa maandishi kusamehewa adhabu na riba, akitaja sababu yenye ushahidi, kama vile kufariki kwa mweka hazina au ofisi kuungua moto. "Hatukujua" si sababu. Msamaha hutokea: mwaka 2018 Serikali ilifungua mlango wa kusamehe riba na adhabu zote kwa wale watakaojitokeza na kulipa kodi yenyewe, na muda ukafika mwisho wa Juni 2019. Waliofaidi ni wale waliokuwa na hesabu za kuonyesha. Asiyejua adaiwacho, ataomba asamehewe nini?

Tano, akikadiriwa kodi isiyo haki, asinung'unike barazani. Alete pingamizi kwa maandishi katika siku 30. Ajue pia ya kuwa hutakiwa kulipa kwanza theluthi ya kodi iliyokadiriwa, au ile sehemu asiyoibisha, iliyo kubwa.

NASI JE?

Chama chetu nacho hakitafuti faida. Kina watumishi, kina nyumba za kupanga, na kina matawi yaliyotengwa na bahari, kama wale wa Iringa walivyotengwa na njia ndefu. Kwetu sisi ziko hata mamlaka mbili za mapato, ile ya Muungano na ile ya Zanzibar, na kila moja ina karatasi zake.

Lakini tunayo ada ambayo wengine hawana. Hapana mwenye shamba angojaye mpaka msimu uishe ndipo awahesabie wachumaji pishi zao. Hupimwa jioni ile ile, zikaandikwa, kila mtu akajua chake. Na kila mmoja wetu ajua kuwa karafuu isiyoanikwa kwa wakati huvunda ikawa mpeta, na mpeta hauna bei. Risiti ni kama hiyo karafuu. Iandikwe siku ile ile, ingali mbichi. Wala si jambo geni kwetu: aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul-Baqara, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi.

Kwa hivyo twawaomba waweka hazina wa matawi yote mambo matatu. Kila tawi liwe na daftari moja la fedha, liandikwe kila siku na kufungwa kila mwisho wa mwezi kwa sahihi mbili. Risiti zote zipelekwe makao makuu pamoja na nakala ya ukurasa wa mwezi huo, kabla ya tarehe 3, ili kodi za mishahara na za pango zipate kwenda kabla ya siku ya 7. Na tawi lolote lenye sanduku la risiti za miaka ya nyuma lilete kama lilivyo, bila kuona haya. Tutakaa pamoja tulipange.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sheria za leo zimeongeza kitu: ikiisha, habari yake huletwa kwa barua, na chini ya barua huwa pana jumla ya kulipa.

Katibu wa Chama