Meneja wa mradi alikuwa nani? Matembezi kutoka KICC hadi mugumo wa Westlands

Tulikuwa watano, kila mmoja akatoa Sh20,000, tukafungua kituo cha kuosha magari karibu na Kangemi. Yaani, tulikaribia kukifungua. Laki moja ilikuwa mkononi, kiwanja cha kukodi kilipatikana, na kikundi chetu cha WhatsApp kilikuwa na jina na hata nembo. Halafu mmoja wetu akauliza, kwa nini wateja wasipate chai wakisubiri? Mwingine akaleta wazo la kibanda cha smoki na mayai boilo. Wa tatu akataka WiFi. Kila wazo lilikuwa zuri, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kusema hapana. Siku ya kununua mashine ya kuoshea ilipofika, pesa zilizobaki zilitosha ndoo, sabuni na vitambaa. Baada ya miezi mitatu kiwanja kilirudi kwa mwenyewe. Wawili kati yetu hawasalimiani hadi leo.

Nilipomlilia dadangu mkubwa, ambaye usimamizi wa miradi ndio mboka yake, hakunihurumia. Aliniuliza tu: "Meneja wa mradi alikuwa nani?" Nikamjibu, sote. Akanyamaza, akaendelea kumenya viazi.

Swali hilo lilinikera kiasi kwamba nilianza kusoma. Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba neno "mradi" tunalitumia ovyo. Kwa wanaoifanya kazi hii, mradi ni kitu chenye mwanzo na mwisho, na kinachozaa kitu ambacho hakikuwapo. Kuosha magari kila siku si mradi, ni biashara. Kukijenga kituo hadi gari la kwanza liingie, huo ndio mradi. Sisi tulichanganya hayo mawili, tukawa tunabishana kuhusu chai ya wateja kabla ya kuwa na maji.

Ukitaka kuielewa taaluma hii bila kulipa karo, tembea. Anzia KICC, pitia Uhuru Park, kisha ushike Waiyaki Way hadi Westlands. Kwenye njia hiyo moja kuna miradi iliyofaulu, iliyokufa na mmoja uliolazimika kuupisha mti.

Tuanze na KICC. Ujenzi ulianza 1967, na wazo la awali lilikuwa jengo la kawaida tu la makao makuu ya chama cha KANU. Msanifu Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway alifanya kazi na David Mutiso, na ramani zikazidi kukua hadi zikawa mnara wa orofa 28, wenye urefu wa mita 105, pamoja na kumbi kubwa za mikutano. Sasa utasema, si hiyo ni chai na smoki zetu tu, ila kwa saruji? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Tofauti ni kwamba pale kila nyongeza ilikuwa na mwenye kuiamua, na ilipoamuliwa, pesa na miaka viliongezwa pia. Halafu kulikuwa na tarehe isiyosogezwa: Septemba 1973, Benki ya Dunia na IMF zilikuwa zifanye mkutano wao wa kila mwaka hapa Nairobi, mara ya kwanza barani Afrika. Huwezi kumwambia waziri wa fedha wa Japani arudi wiki ijayo kwa sababu fundi hajamaliza. Rais Jomo Kenyatta alilifungua jengo mwezi huohuo.

Wasimamizi wa miradi huzungumza kuhusu kamba tatu: upeo wa kazi, muda na pesa. Ukivuta moja, nyingine lazima zisogee. Ukiongeza kazi bila kuongeza muda wala pesa, kitu cha nne ndicho kinachoumia kimyakimya, nacho ni ubora. Ndiyo maana fundi wako anayesema "hiyo pia nitakufanyia, hakuna shida" anafaa kukutia wasiwasi.

Kutoka KICC vuka Uhuru Highway uingie Uhuru Park. Hapa kuna mradi usioonekana, kwa sababu haukujengwa. Mwaka wa 1989 palikuwa na mpango wa kuweka jumba la orofa 60 ndani ya bustani hii, jumba la shirika la magazeti la Kenya Times, lililohusishwa na chama tawala. Mshirika wake wa kigeni alikuwa tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell. Kwa karatasi, mradi ulikuwa na kila kitu: mwenye nguvu aliyeutaka, ramani, wafadhili. Lakini hakuna aliyewauliza watu wanaokula chakula cha mchana kwenye nyasi zile. Profesa Wangari Maathai akaanza kuandika barua. Aliiandikia serikali, aliandikia mashirika ya Umoja wa Mataifa na ubalozi wa Uingereza. Alitukanwa bungeni, na shirika lake la Green Belt likafukuzwa ofisini. Bado aliandika. Waliotarajiwa kutoa pesa wakaanza kusitasita, na jumba likafa.

Wanafunzi wa taaluma hii hufundishwa kuorodhesha wadau kabla ya kazi kuanza: nani ana pesa, nani ana mamlaka, nani ataguswa, nani anaweza kusimamisha kila kitu. Kosa la kawaida ni kuishia kwenye wale wawili wa kwanza. Mimi huku Kangemi sikuwahi kuongea na jirani aliyekuwa akiuza mboga kando ya kiwanja chetu, ambaye maji yetu machafu yangepita miguuni mwake. Bahati yetu, hatukufika hatua ya kuwa na maji machafu.

Hapo karibu kuna Green Park, kituo cha matatu kilichojengwa na NMS kuanzia 2020 ili mathree za Ngong Road na Lang'ata zisiingie katikati ya jiji. Kilijengwa, majaribio yakafanywa zaidi ya mara moja, kila mara tukaambiwa sasa kinafunguliwa, halafu kikaahirishwa. Mwaka wa 2022 muda wa NMS yenyewe ukaisha. Hili naliona ndilo somo gumu kuliko yote kwa kijana anayependa kukata utepe: kumaliza kujenga si kumaliza mradi. Lengo halikuwa lami na vibanda, lengo lilikuwa kupunguza msongamano. Kama abiria bado anashuka alikokuwa akishuka zamani, umetoa bidhaa tu, faida bado.

Sasa inua macho uone Expressway ikipita juu ya vichwa. Kilomita 27.1 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ikajengwa na kampuni ya China, CRBC, kwa mpango wa ubia na serikali: kampuni inatafuta pesa, inajenga, inakusanya ada kwa miaka kadhaa, kisha inakabidhi. Uzinduzi wa kazi ulikuwa 2019, na Mei 14, 2022 magari yakaanza kupita kwa majaribio. Kwa barabara ya ukubwa huo, hiyo ni kasi. Waliokuwa wakipita chini wakati huo, wakila vumbi kwenye Mombasa Road na Waiyaki Way, wana maoni yao kuhusu kasi hiyo, na hata wao ni wadau.

Ukifika Westlands, utauona mugumo kando ya Waiyaki Way. Mti mkubwa, wenye urefu wa jengo la orofa nne hivi, na umri unaosemekana kupita miaka mia moja. Mwaka wa 2020 ulikuwa kwenye njia ya Expressway, na mpango ulikuwa kuung'oa na kuuhamishia kwingine. Wanamazingira, wengi wao vijana wa rika letu, wakaenda kusimama chini yake na mabango. Kwa jamii ya Wakikuyu mugumo si mti wa kuni, ni mahali pa ibada, na kwa wakazi wengine wa Nairobi ulikuwa tu mmoja wa miti mikubwa iliyobaki kwenye barabara hiyo. Novemba mwaka huo, mkuu wa NMS alitangaza kuwa Rais Uhuru Kenyatta ameagiza mti uhifadhiwe. Barabara ikaupisha.

Nimekaa chini ya mti huo nikajiuliza kwa nini ilibidi rais aingilie kati kuhusu mti mmoja. Jibu la dadangu: kwa sababu hatari hiyo haikuandikwa mapema. Kazi yake kubwa, aliniambia, si ile michoro ya kalenda yenye mistari ya rangi ambayo watu huipenda. Ni daftari lenye safu tatu: jambo gani linaweza kwenda kombo, nani atalishughulikia, na tutajuaje kuwa limeanza. Kama mtu angeandika "mugumo, Westlands" kwenye ukurasa wa kwanza kabla ya kuchora njia, barabara ingepinda kwenye karatasi, ambako kupinda ni bei ya kifutio.

Kwa wanaouliza kuhusu vyeti, maana najua mpo: kile kinachotajwa sana kwenye matangazo ya kazi ni PMP, cha taasisi ya Marekani iitwayo PMI, iliyoanzishwa 1969. Msee aliyemaliza chuo jana hawezi kukifanya. Mwenye digrii anahitaji miezi 36 ya kuongoza miradi, asiye na digrii miezi 60, pamoja na saa 35 za mafunzo. Kwa anayeanza kuna CAPM ya taasisi hiyohiyo, inayotaka cheti cha sekondari na saa 23 za mafunzo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya uzamili ya upangaji na usimamizi wa miradi. Maoni yangu: usikope pesa za mtihani kabla hujawahi kusimamia hata harambee ya arusi. Harambee ina bajeti, tarehe isiyosogezwa na wajomba. Ukiimudu, mengine ni istilahi tu.

Wiki iliyopita nilifungua tena kile kikundi cha WhatsApp. Niliandika ujumbe mmoja wa mistari minne: tunajenga nini, hatujengi nini, kwa shilingi ngapi, na nani peke yake ana ruhusa ya kusema hapana. Nafasi ya jina kwenye mstari wa nne niliiacha wazi. Watatu wameusoma. Mmoja amejibu, akauliza kama hiyo WiFi bado ipo.