Uzito wa Kitu Kisichowaka

Mwezi wa Novemba, mvua ikinyamaza na mawingu yakaachana, simama Kamembe, Rwanda, mnamo saa tatu usiku ukielekea kaskazini. Chini yako kuna taa za wavuvi wa sambaza katika Ziwa Kivu. Juu yake, nusu ya njia kutoka upeoni hadi utosini, kuna doa hafifu kama mvuke. Hiyo ni Andromeda, galaksi iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5.

Mwaka 1970 wanaastronomia Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vya kasi ya mawingu ya gesi yanayoizunguka. Yaliyo mbali na kitovu yalitarajiwa kwenda polepole, kama sayari: Utaridi, iliyo karibu na Jua, hukimbia kilomita 47 kwa sekunde, Neptuni ya mbali kilomita 5 na kitu. Andromeda haikufuata mtindo huo. Mawingu ya pembezoni yalikwenda kwa zaidi ya kilomita 200 kwa sekunde, karibu sawa na yale ya ndani. Nyota na gesi inayoonekana hazina uzito wa kuyazuia yasitoroke. Basi nini kinayashika?

Majibu ni mawili, na yote yana ukoo wa heshima. Mwaka 1846 sayari ya Urani ilipokuwa ikienda kombo, mwanaastronomia Le Verrier alisema ipo sayari nyingine inayoivuta, akataja mahali pa kuitafuta, na Neptuni ikaonekana hapo. Utaridi nayo ilipoonyesha ukaidi, Le Verrier huyohuyo akadai sayari nyingine iliyofichika. Haikuwepo. Mwaka 1915 Einstein alionyesha kwamba kilichopungua ni kanuni yenyewe ya mvutano.

Wengi wanafuata njia ya Neptuni: kuna maada ya giza, isiyotoa wala kuzuia nuru, inayozidi maada ya kawaida zaidi ya mara tano. Mwanafizikia Mordehai Milgrom, mwaka 1983, alishika njia ya Utaridi. Alipendekeza kwamba pale mvutano unapokuwa dhaifu mno, kama mara bilioni 80 chini ya ule tunaouhisi ardhini, kanuni hubadilika. Kwa maada inayoonekana tu, wazo lake hukadiria mwendo wa galaksi nyingi kwa usahihi unaonisumbua, maana maada ya giza haielezi kirahisi kwa nini ulinganifu huo upo. Sioni haki kulipuuza.

Hata hivyo mizani yangu imeelemea upande wa maada ya giza, kwa sababu ya mgongano. Makundi mawili ya galaksi, yanayoitwa Kundi la Risasi, yalipitiana. Gesi ya moto, iliyobeba sehemu kubwa ya maada ya kawaida, iligongana ikabaki nyuma. Lakini nuru ya galaksi zilizo mbali zaidi nyuma ya Kundi hilo, jinsi inavyopindwa, ilionyesha mwaka 2006 kwamba uzito mwingi umekwenda na galaksi za makundi hayo, mbali na gesi. Kanuni mpya peke yake hupata taabu kueleza uzito uliojitenga na maada. Hupata taabu zaidi mbele ya mnururisho wa kale ulioachwa na ulimwengu mchanga, ambao chombo cha Planck kiliupima kwa makini.

Sisi wa Kivu tunajua kwamba kisichoonekana kinaweza kuwa kikubwa. Ndani ya maji haya zimeyeyuka takriban kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za kabonidayoksaidi. Lakini hakuna anayebishana, kwani methani hiyo hupandishwa kwa mabomba huko Karongi na kuendesha mtambo wa umeme wa megawati 26. Maada ya giza haijapandishwa na bomba lolote. Huko South Dakota, Marekani, takriban kilomita moja na nusu chini ya ardhi, tani za zenoni ya kimiminika zinasubiri chembe moja tu ya maada hiyo igonge atomu na kutoa mmweko. Hadi sasa hakuna mmweko uliothibitishwa kuwa wake, na kila mwaka wa ukimya huwafutia wanaotafuta aina nyingine za chembe walizozidhania.